Kwa Nini Tindo Zetu Zinaisha Haraka?

Ndugu zetu mnaochonga mawe kwenye kwari za huku Isinya na Kitengela, mnajua tindo isiyokaa na makali ni hasara. Kila mara ni kurudi kwa fundi na kulipa, na mawe yanangoja. Watu husema, "Chuma hiki ni kibaya." Lakini kama ni springi ya lori, mara nyingi chuma ni kizuri. Kosa ni moto.

Chuma kimeundwa na punje ndogo sana zilizoshikana, kama chumvi iliyogandamana. Kikiachwa motoni mpaka kiwe cha manjano, huku fundi akipiga hadithi, punje zinamezana na kuwa kubwa. Ukikizimisha hapo kinakuwa kigumu, lakini ncha haisagiki polepole, inameguka. Kipande kinaweza kuruka jichoni, na jicho haliuzwi jua kali.

Punje zikiwa ndogo, mipaka kati yao ni mingi. Mipaka hiyo ndiyo inazuia chuma kubonyea na ufa kukimbia. Huko Uingereza, Hall mwaka 1951 na Petch mwaka 1953 walionyesha kwamba kadiri punje zinavyopungua ukubwa, ndivyo chuma kinavyozidi nguvu. Tazama tindo iliyovunjika: ikimetameta kama sukari, punje ni kubwa. Ikiwa ya kijivu na laini kama unga, ni nzuri.

Je, iliyoharibika inatengenezeka? Ndiyo, kama haina ufa. Ipashe moto hadi iwe nyekundu na sumaku isiishike tena (karibu digrii 770), ongeza moto kidogo tu, kisha itoe ipoe yenyewe hewani mpaka iwe nyeusi. Usiguse maji! Rudia mara tatu. Kila mara punje mpya, ndogo, zinazaliwa. Halafu ipashe tena vivyo hivyo, uzimishe ncha kwenye oili, maana maji huweza kuipasua springi. Isugue ing'ae, uipashe polepole kutoka nyuma hadi ncha iwe na rangi ya kahawia inayoelekea zambarau. Kichwa kinachopigwa nyundo kiache laini.

Lakini usijaribu haya na nondo ya kawaida ya kujengea. Ugumu unatokana na kaboni, na nondo ina kidogo mno. Hata punje zikiwa ndogo namna gani, itaisha tu kabla ya saa sita.