Kiti cha Mwalimu Katika Ndege ya Kujifunzia

Jioni moja baada ya darasa, kijana wa madrasa yetu alituonyesha picha ya ndege ya kivita yenye kiti kimoja, akauliza: "Ustadhi, ikiwa humu ndani hamna nafasi ya mwalimu, huyu rubani alifundishwa wapi?" Hatukuwa na jibu la papo hapo. Tulimwahidi kulitafuta, na tulipoanza kusoma tukatambua kuwa swali lake liligharimu roho za vijana wengi kabla ya wakubwa wa majeshi kulitilia maanani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, ilikuwa imepita miaka 11 tu tangu ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waruke kwa mara ya kwanza. Uingereza ilifundisha marubani wake wengi kwa ndege za aina ya Maurice Farman, zilizokwenda polepole na ambazo hazikufanana na zile walizokwenda kupigania. Mwalimu akisema neno, mngurumo wa injini ulilimeza. Ilimbidi apige kelele, aashirie kwa mkono, au apunguze moto wa injini ili asikike. Baada ya saa chache za namna hiyo, mwanafunzi alikabidhiwa ndege peke yake. Wengi walikufa karibu na viwanja vya shule zao, hawajamwona adui hata kwa mbali.

Aliyekataa kulizoea jambo hili ni ofisa mmoja aitwaye Robert Smith-Barry. Yeye mwenyewe alivunjika miguu katika ajali ya ndege mwaka 1914, akapona, akarudi kuruka. Mwaka 1916 alikuwa kiongozi wa kikosi cha 60 huko Ufaransa, akipokea vijana walioletwa kutoka shuleni wakiwa hawajui karibu lolote, kisha akihesabu ni nani hakurudi. Aliwaandikia wakubwa wake barua za malalamiko mfululizo. Mwishowe walimpa shule huko Gosport, kusini mwa Uingereza, naye mwaka 1917 akaanza kufundisha kwa njia yake.

Alichagua ndege ya Avro 504, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1913 na ambayo vita vilikuwa vimekwisha kuipita. Akaweka usukani pande mbili, mwanafunzi akaketi katika kiti hasa cha rubani, na mwalimu akahamia katika kile cha abiria. Kati yao ukapita mpira mwembamba wa kusemea, mfano wa kile kipimo ambacho daktari hukitia masikioni. Chombo chenyewe ni duni mno kwa macho ya leo, lakini sisi twaona kwamba hapo ndipo ndege ya mafunzo ilipozaliwa: kwa mara ya kwanza mwanafunzi alisikia sauti tulivu ya mwalimu wakati uleule anapokosea.

La pili lilikuwa zito zaidi. Ndege ikipoteza kasi angani, bawa moja huweza kuacha kubeba uzito, na chombo kikaanza kuanguka huku kikizunguka kama pia. Marubani wengi waliamini kuwa hicho ndicho kifo, na waliwaonya wanafunzi wasiukaribie mzunguko huo. Smith-Barry aliamuru wapelekwe humo kwa makusudi, juu sana, mwalimu akiwamo. Kijana alikanyaga usukani wa mkia kinyume cha mzunguko, akasukuma fimbo mbele hata kasi irudi, kisha akaiinua ndege taratibu. Akishatoka humo mara kadhaa, hofu ilimpungua, na mkono wake ulijua la kufanya kabla ya akili.

Avro hiyo iliwafaa kwa sababu haikuficha makosa. Ukigeuka vibaya, ilikuonyesha mara moja, ila haikukuua kwa kosa moja. Zilitengenezwa zaidi ya 8,000.

Waliokuja baadaye walihamisha viti tu, kila mmoja akiwa na hoja yake. Katika Tiger Moth ya mwaka 1931 mwalimu aliketi mbele, na bawa la juu likasogezwa mbele ili aweze kutoka na mwavuli wake hatari ikitokea. Katika Jet Provost, ndege ya jeti iliyoruka mwaka 1954, wawili hao waliketi ubavu kwa ubavu, mwalimu akatazama mikono na hata macho ya mwanafunzi. Tucano iliyobuniwa Brazil ikawarudisha katika mstari mmoja, kiti cha nyuma kikiinuliwa ili mwalimu aone juu ya kichwa cha mbele. Jirani zetu wa Kenya walinunua 12 za aina hiyo, zilizoundwa Belfast.

Na ile ndege ya kiti kimoja? Mara nyingi huundiwa dada yake mwenye viti viwili. Warusi walipounda MiG-15 waliunda na MiG-15UTI ya kufundishia, na ni ndani ya ndege hiyo alimofia Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika anga za juu, tarehe 27 Machi 1968. Alikuwa akirejea mazoezi ya urubani, na mwalimu wake, Vladimir Seryogin, alikufa naye.

Tulipompelekea kijana wetu majibu haya, aliyasikiliza kwa utulivu, kisha akauliza mwalimu hufanya nini siku mwanafunzi anaporuka peke yake. Tukamweleza ilivyokuwa kwa Tiger Moth: mwalimu huteremka, akaifunga vizuri mikanda ya kiti chake kitupu isije ikanasa kwenye fimbo ya usukani, akasogea kando na kusimama majanini.