Daraja la Kenwood: Zuri kwa mbali, ukifika halivukiki

Hebu chora hii akilini. Uko mbele ya jumba la Kenwood, London. Chini ya mteremko kuna bwawa, na mwisho wa bwawa kuna daraja jeupe, safi ajabu. Unashuka mbio ulivuke, upige selfi katikati. Ukifika, wapi! Ni mbao zilizosimamishwa tu, kama ukuta wa mbele wa duka lisilo na duka nyuma.

Usidhani mwanakandarasi alikula pesa. Lilijengwa hivyo makusudi karne ya 18, enzi za Lord Mansfield, Jaji Mkuu. Matajiri wa Uingereza walitaka mashamba yao yafanane na michoro ya ukutani. Bwawa likiishia ghafla, raha inakatika. Weka daraja pale mwisho, jicho linaamini maji yanapita chini yake na kuendelea kama mto. Wengine walijenga ya kuvukwa kweli: lile la Prior Park mjini Bath, la 1755, lina paa na nguzo za mawe, na unapita.

Sasa sikia hii. Kenwood ndiko alikolelewa Dido Elizabeth Belle, binti ya mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa na mpwa wa Mansfield, afisa wa jeshi la majini. Mwaka 1772, Mansfield aliamua kuwa James Somerset, aliyekuwa mtumwa, hawezi kutolewa Uingereza kwa nguvu. Na nyumbani kwake je? Mgeni mmoja aliandika mwaka 1779 kwamba Dido aliingia baada ya chakula, akaketi na wanawake, kisha wakatembea bustanini akiwa ameshikana mkono na binti mwenzake. Bustanini sawa. Mezani, la.

Kuna makaribisho ya aina hiyo hata huku mtaani. Kazi inatangazwa kumbe ilishapata mwenyewe. Unaitwa ‘kujifunza kazi’ miezi sita bila mshahara, halafu kwaheri. Kwa mbali ni njia, ukikaribia hakuna pa kukanyaga.

Mansfield alipofariki 1793, wasia wake ulithibitisha kwamba Dido ni mtu huru, ukamwachia na pesa. Hilo ndilo lilikuwa daraja la maana: limeandikwa, linashikika.

Kenwood imekuwa wazi kwa umma tangu 1928, na watu bado wanalipiga picha lile daraja jeupe. Wewe ukionyeshwa lako, kabla ya kulisifia uliza swali moja tu: nani ameshalivuka?