Homa Inapopiga Kelele

(Muziki wa kufungua, unashuka)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wa Dzaleka, leo tunazungumzia homa, na bakteria wanaoingia kwenye damu.

Mwizi akiingia kwa jirani usiku, mtu mmoja anapiga kelele, wengine wanatoka na tochi. Mwili wako unafanya vivyo hivyo. Bakteria wengi, kama salmonela, wana sumu kwenye ganda lao la nje. Askari wa mwili wakiigusa, wanatoa kemikali za kuitana. Ndipo homa inapanda.

Shida inakuja bakteria wakizagaa kwenye damu. Fikiria kambi nzima inatoka usiku mmoja: watu watakanyagana, kuta za udongo zitaanguka, na mwizi bado yumo. Mishipa ya damu inalegea na kuvuja, presha inashuka, na figo, ini na mapafu vinaumia. Hali hii inaitwa sepsisi.

Hayo yamejulikana sana kupitia panya wa maabara. Panya wa kawaida akidungwa sumu hiyo nyingi, anakufa. Lakini ukoo mmoja wa panya, C3H/HeJ, haukudhurika. Mwaka 1998 timu ya Bruce Beutler huko Marekani ilipata sababu: panya hao wana kasoro kwenye kipokezi kinachoitambua sumu. Beutler alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Je, panya hao wana bahati? Hapana. Wakiambukizwa salmonela hai, wanakufa upesi kuliko ndugu zao. Hawana wa kupiga kelele.

Kwa hiyo kunyamazisha kelele hakutoshi. Mwizi atolewe mapema. Salmonela ni kati ya bakteria wanaopatikana sana kwenye damu ya watoto wagonjwa hapa Malawi. Palasetamo inashusha homa, haiui bakteria. Na malaria inaweza kufanana na sepsisi. Kipimo ndicho kinachosaidia kutofautisha.

Mama, baba: mtoto akikataa kunyonya, akipumua haraka, akilegea, akipata degedege, au mikono na miguu ikiwa baridi, usingoje asubuhi. Mtoto mchanga anaweza kuwa baridi badala ya kuchemka. Hiyo nayo ni hatari. Mpeleke kituo cha afya hapa kambini. Mkipewa rufaa kwenda hospitali ya Dowa, au Kamuzu Central kule Lilongwe, nendeni siku hiyo hiyo.



(Muziki wa kufunga)