Mti wa Hitilafu Kando ya Lori la Mafuta

Tarehe 16 Septemba 2015, lori la mafuta liliacha njia karibu na Maridi, magharibi ya Juba. Wananchi wakakusanyika kuchota petroli, lori likalipuka, na watu zaidi ya 170 wakapoteza maisha. Ukanda wetu ulikuwa umekwisha kuyaona hayo Sachangwan, Kenya, Januari 2009, na Sange, mashariki ya Kongo, Julai 2010. Ukayaona tena Msamvu, Morogoro, Agosti 2019.

Kila mara ilitajwa sigara, au umaskini wa raia. Maelezo hayo hayamsaidii askari anayefika mahali pale wa kwanza.

Ndugu askari, ipo njia ya uchunguzi iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi. Mwaka 1962, H. A. Watson wa maabara ya Bell aliifanyia kazi kwa Jeshi la Anga la Marekani, ili kujua ni kwa njia zipi mitambo ya kurushia makombora ya Minuteman ingeweza kuharibika. Baadaye ilishikwa na watengenezaji wa ndege, vinu vya nyuklia na viwanda vya kemikali. Huitwa mti wa hitilafu. Kileleni huandikwa balaa lenyewe. Kisha mchunguzi hushuka akiuliza, ili hili litokee, ni lazima nini kiwepo? Matawi huunganishwa kwa maneno mawili tu, “na” na “au”.

Tuuchore mti wa Maridi. Kileleni: raia wameungua. Ili hilo litokee, lazima moto uwake na watu wawe karibu. Moto nao wahitaji mvuke wa petroli, na hewa, na cheche. Hewa ipo daima. Tuliache tawi hilo. Cheche yaweza kutoka katika kiberiti, au injini ya pikipiki, au betri, au chuma kilichogonga chuma.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika bohari la mafuta petroli humwagika mara 1 katika upakuaji 20, na cheche hutokea mara 1 katika 50. Kwa kuwa vyote viwili vyahitajika, na kimoja hakitegemei kingine, huzidishwa: mara 1 katika 1,000. Lakini lori likipinduka, kumwagika si bahati nasibu tena. Ngao ya kwanza imevunjika, na hatari imekuwa 1 katika 50. Tena hiyo 50 haikai: kila mwenye kiberiti au pikipiki anayesogea anaongeza “au” nyingine.

Tazama basi umati ulipo. Umeandikwa mahali pawili katika mti huo huo, kama chanzo cha cheche na kama watakaoungua. Tawi moja likikatwa, mengine mawili hunyauka. Mafuta yaliyokwisha mwagika askari hawezi kuyarudisha. Umati anaweza kuuzuia.

Mwongozo utumiwao na waokoaji wa Marekani na Kanada huagiza watu wawekwe mita 50 mara moja pande zote. Mafuta yakimwagika mengi, ifikiriwe kuwahamisha walio upande uendako upepo hadi mita 300. Tangi likishika moto, mita 800. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa mitaroni na mabondeni, basi mtu aliye mbali lakini chini ya mteremko hayuko salama.

Mti huu una tawi jingine ambalo sisi wenyewe huliongeza: gari la doria linaloegeshwa kando ya lori injini ikinguruma, na risasi ya kuwatisha watu ipigwayo hewani. Zote ni cheche.

Malori ya mafuta huingia Juba kwa barabara ya Nimule, kilomita 192, na anayeweza kuwahi ni askari wa kizuizi kilicho jirani. Gari aliache mbali, upande utokako upepo, azime injini. Kamba aifunge pande zote mbili za barabara, na mwenzake asimame kwenye mtaro wa chini, kwa maana madumu hupitishwa huko.