Diko la Kimbiji Kaskazi Inapoanza

Kila mwaka ifikapo Novemba, bahari ya Kimbiji hubadilika tabia. Kusi iliyovuma tangu Aprili huwa imechoka. Mawimbi yaliyokuwa yakipasuka juu ya mwamba usiku na mchana hulegea, na maji hutakata hadi mtu aliyesimama kwenye ngalawa akaziona nyasi za bahari chini. Kwa majuma kadhaa upepo hauna mwenyewe: alfajiri unavuma umande kutoka bara, mchana matlai kutoka mashariki, jioni shwari. Hayo ndiyo maleleji. Mvua za vuli hunyesha na kukatika, kisha kaskazi hushika na jua kuwa kali. Wakati watu wa mjini wanatafuta feni, wa Kimbiji wanatafuta mishipi, kwa kuwa kiangazi ndicho kinachoifungua bahari kuu.

Kimbiji ni kata ya Wilaya ya Kigamboni, wilaya iliyomegwa kutoka Temeke. Iko kusini-mashariki mwa jiji la Dar es Salaam, penye rasi, na kivuli cha kisiwa cha Unguja hakifiki huku: wimbi linatoka bahari kuu moja kwa moja hadi mwambani. Wenyeji wake wengi ni Wazaramo na Wandengereko, waliochanganyika kwa ndoa na uvuvi na watu wa visiwani na wa kusini. Ukanda huu ni wa kale. Kaskazini kidogo, Mbuamaji ambayo leo ni Gezaulole, yapo mpaka sasa makaburi ya mawe na mabaki ya msikiti. Lakini mila ninazozieleza hapa zimekua juu ya kipande cha mchanga kisicho na jengo la kale: diko, mahali vyombo vinapoegeshwa na samaki kushushwa. Kwa maoni yangu diko ndiyo taasisi ya kwanza ya Kimbiji, na lisipolindwa, mila hizi hazitakuwa na pa kusimama.

Wakati wa kusi ngalawa nyingi huvua karibu, kwa madema na mishipi, zikitafuta changu, tafi, pono na chewa. Kaskazi ikishika, manahodha huuvuka mwamba kwenda kilindini. Mkondo mkubwa unaopita pwani yetu kuelekea kaskazini mwaka mzima hupungua nguvu msimu huu, maana upepo unaupinga, na chombo kinaweza kukaa juu ya mwamba mmoja bila kusombwa. Ndipo wavuvi wanaporambaza: mshipi mrefu unakokotwa nyuma ya chombo kinachokwenda, ndoana imefichwa ndani ya kibua au ngisi, wakiwania nguru, jodari, kolekole, faulusi na sulisuli. Nguru mmoja mzuri huweza kulipa gharama za safari nzima. Siku nyingine mshipi unarudi kama ulivyotoka.

Mashariki ya Kimbiji, kiasi cha kilomita 50 baharini, kipo Fungu Kizimkazi, ambacho ramani za Wazungu hukiita Latham. Ni kisiwa kidogo cha matumbawe, tambarare, hakina mti wala maji ya kunywa. Ndege wa baharini wamekijaza, hutaga mayai yao chini peupe, na kasa nao hupanda huko kutaga. Kingo zake huteremka ghafla kwenye kina kirefu, na samaki wa maji makubwa huzunguka hapo wakiwafuata wadogo. Ngalawa ya tanga haina dhamana ya kurudi kutoka Fungu upepo ukigeuka. Wanaokwenda ni wenye mashua na boti za mashine, wamebeba barafu, madumu ya maji na mafuta ya akiba, na pamoja nao wavuvi wa starehe wanaotoka mjini na Unguja. Hata kwa wenye mashine, nahodha mwenye hekima huangalia anga kabla ya kuangalia samaki. Heshima kubwa ya nahodha pwani hii hutokana na kurudi na watu wake wote.

Elimu ya nahodha haikuandikwa, lakini ina masomo yake. Somo la kwanza ni mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na mkondo mwambani huwa mkali. Kati ya bamvua moja na nyingine huja maji mafu, siku nzuri za kutupa mshipi chini. Wavuvi wa dagaa wana hesabu yao: hufanya kazi siku za giza, taa zao zikiwavuta samaki juu, na mbalamwezi ikitoka hupumzika na kushona nyavu. Somo la pili ni alama. Mwamba wa samaki hauonekani, basi hupatikana kwa kulinganisha vitu vya nchi kavu: mbuyu ukiangukia juu ya kilima fulani, mnazi mrefu ukisimama sawa na ncha ya rasi, hapo teremsha nanga. Alama hizo baba humwachia mwana, na si kila mtu huambiwa. Somo la tatu ni nyota. Mwanzoni mwa kaskazi Kilimia huchomoza jua linapotua na kukesha angani usiku kucha, na wazee wamekifuata kwa majira ya shamba na ya bahari pia.

Kabla ya msimu kushika, diko hugeuka karakana. Ngalawa, ambazo nyingi huchongwa kwa gogo la mwembe, hupandishwa juu na kulazwa ubavu. Makuti makavu huwashwa chini yake ili moto uwaue wadudu wanaotoboa mbao, kisha nyufa huzibwa kwa kalafati na chombo kupakwa mafuta. Mirengu hukazwa upya, tanga huwekwa viraka. Kijana anayetaka kuwa mvuvi huanzia hapa, akishika kamba na kuokota makuti, na baharini kazi yake ya kwanza huwa kufua maji. Hakai kwenye usukani mpaka amejua kukaa kimya wakati mkubwa wake anasikiliza upepo.

Chombo kipya hakishuliwi kimyakimya. Mwenyewe hualika majirani, husomwa dua, hufukizwa ubani, ubwabwa hupikwa, watoto hula kwanza. Ijumaa vyombo vingi hubaki mchangani mpaka swala imalizike. Na chombo kikichelewa kurudi, mambo mengine yote husimama. Watu hukusanyika diko, wenye mashine huchangiwa mafuta, manahodha waliotoka kulala huamshwa, na wanaotafuta hawaulizi waliopotea ni wa ukoo gani. Pwani nzima inajua kwamba zamu hiyo inaweza kuwa yako kesho.

Samaki wakifika, sheria za diko huonekana wazi. Chombo kinapogusa mchanga, aliye karibu hushika ubavu na kusukuma, awe mzee, mwanafunzi au mpita njia, na aliyesukuma hatoki mikono mitupu. Kabla ya mnada kila baharia hutengewa kitoweo cha nyumbani. Wajane na wazee walioacha bahari nao hupelekewa chao, bila kuja kuomba. Kisha mnadi hupaza sauti, wachuuzi hushindana bei, na samaki hutawanyika: wengine kwa bodaboda hadi Mbagala na Kigamboni, wengine hadi soko la Feri, wengine hubaki kukaangwa papo hapo. Fedha ikipatikana, hutolewa kwanza gharama za mafuta, barafu na chambo. Kinachobaki hugawanywa: sehemu ya chombo, sehemu ya zana, sehemu ya watu, na nahodha hupata zaidi kwa kuwa lawama zote ni zake. Hasara nayo hugawanywa vivyo hivyo. Mvuvi wa Kimbiji hana mshahara, lakini ana uhakika kwamba siku aliyokosa, nyumba yake haitalala bila mchuzi ikiwa wengine wamepata.

Wanawake wana bahari yao. Siku za bamvua, maji yakipwa kabisa, hushuka mwambani na mchokoo mkononi kutafuta pweza, au hukusanya kome na chaza. Wengine hutanda vidagaa kwenye maji ya magotini, wawili wawili, kitambaa kati yao. Mkaanga samaki ndiye anayejua bei ya Feri kabla mnadi hajafungua mdomo, na mara nyingi ndiye anayemkopesha mvuvi fedha ya chambo. Wakati wa kusi, samaki wanapoadimika, ng'onda na papa mkavu waliowaanika kiangazi ndio wanaookoa jiko. Anayeeleza uvuvi wa Kimbiji akawasahau wanawake hawa ameeleza nusu ya diko.

Kaskazi pia huleta wageni. Wavuvi wa Unguja, Mafia na Kilwa huja kupiga dago, kambi ya muda ya makuti na maturubai, wakafuata samaki kisha wakarudi kwao. Desturi ni mgeni kujitambulisha kwa wazee wa pwani na serikali ya mtaa, aseme anavulia nini na kwa zana gani. Siku hizi kamati za usimamizi wa rasilimali za bahari, zinazojulikana kwa jina la BMU, huandika majina yao. Mgeni mwema hupewa maji ya kisima na mahali pa kulala, na wapo waliooa wakabaki.

Zana huulizwa kwa sababu pwani hii imeumizwa. Kwa miaka mingi milipuko ya baruti ilisikika kusini mwa Dar es Salaam. Mlipuko mmoja huua samaki mkubwa, mchanga na yai, na kuvunja matumbawe ambayo hayarudi katika umri wa aliyeyavunja. Baadaye operesheni za pamoja za vyombo vya dola zilipunguza sana uharibifu huo. Doria peke yake haitoshi, maana boti ya doria huondoka na diko hubaki. Anayemwona mtu akipita na samaki waliovunjika mifupa ni mnadi na mkaanga samaki, na wakikataa kuwanunua samaki hao, biashara ya baruti haina soko.

Tishio la leo linatoka upande wa nchi kavu. Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016, na Kigamboni ambayo zamani ilikuwa ng'ambo ya kivuko imekuwa sehemu ya mji. Viwanja vya ufukweni vimepanda bei, kuta zimepanda nazo, na njia za miguu zilizokuwa zikishuka pwani zinazibwa moja baada ya nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mita hizo 60 ndizo zinazobeba ngalawa zilizolazwa ubavu, moto wa makuti, mnada, karai la mkaanga samaki na dago la mgeni. Zikimezwa na ukuta, mvuvi anaweza kuwa na chombo, mshipi na elimu yote ya nyota, na bado asiwe mvuvi, kwa kuwa hana pa kutia nanga.

Kwa hiyo naomba jambo linalowezekana. Kila diko la Kimbiji, na la vijiji jirani kama Buyuni na Pemba Mnazi, lipimwe, liwekewe mipaka, na liandikwe kuwa mali ya wanajamii pamoja na njia ya kulifikia. Wazee wa pwani na wanawake wa mwambani wakae kwenye kikao kinachopanga matumizi ya ardhi, waulizwe kabla ramani haijachorwa. Mji una haki ya kukua. Lakini mji unaokula samaki wa Kimbiji kila siku una wajibu wa kuacha mchanga ambao samaki huyo hushukia.