Daftari la kompyuta likikosewa, mgonjwa ndiye huumia

JE, umewahi kujiuliza dawa unayoandikiwa na daktari ilipitia wapi kabla ya kukufikia? Mbali na maabara, siku hizi matokeo ya utafiti hupitia pia kwenye kompyuta. Takwimu za chembe za urithi, kwa mfano, ni nyingi kiasi kwamba kompyuta ya mezani haiwezi kuzimudu. Ndiyo maana taasisi huunganisha kompyuta nyingi zenye nguvu, ziitwazo klasta, ambazo watafiti huzitumia kwa pamoja.

Wengi wao huandika hesabu zao katika daftari la kompyuta. Linalojulikana zaidi ni Jupyter, lililoanzishwa mwaka wa 2014. Daftari hilo lina visanduku: unaandika maagizo katika kisanduku na jibu hutokea papo hapo chini yake.

Kosa la mstari mmoja

Mnamo 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitangaza kwamba waliweza kubashiri dawa ya saratani itakayomfaa kila mgonjwa kwa kuchunguza chembe za urithi za uvimbe wake. Kuanzia 2007, wagonjwa waliingizwa katika majaribio.

Wanatakwimu wawili wa Houston, Keith Baggerly na Kevin Coombes, walizifuatilia hesabu hizo. Miongoni mwa makosa mengine, waligundua kuwa orodha za chembe za urithi zilisogea kwa mstari mmoja. Walichapisha ripoti yao 2009, na mwaka uliofuata majaribio yakafungwa. Mnamo 2015, serikali ya Marekani ilithibitisha kuwa mmoja wa watafiti alifanya udanganyifu.

Kosa kama hilo hufichuliwa upesi ikiwa kila hatua imeandikwa wazi. Hiyo ndiyo faida ya daftari. Hata hivyo, daftari lenyewe si kinga. Uchunguzi uliochapishwa 2019 ulijaribu kuyaendesha tena mamia ya maelfu ya madaftari yaliyowekwa hadharani. Takriban robo tu yalifika mwisho bila hitilafu, na 4 hivi kati ya kila 100 ndiyo yaliyotoa majibu yale yale.

Kwa nini? Kwa sababu visanduku vinaweza kuendeshwa bila kufuata mpangilio, na kompyuta hukumbuka hata ulichokwisha kufuta. Ni kama mchuzi: ukilifuta neno "chumvi" katika karatasi ya mapishi, chumvi ingali chunguni.

Ushauri kwa mtafiti

Ikiwa wewe au mwanao ni mwanafunzi wa utafiti wa afya, zingatia haya:

• Kabla ya kuamini jibu, zima injini ya daftari, iwashe upya, kisha endesha visanduku vyote kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho.

• Usifanye hesabu nzito kwenye kompyuta ya kuingilia. Hiyo ni kama meza ya mapokezi ya hospitali. Ukiizuia, kila mtu hukwama. Omba nafasi kupitia programu ya kupanga foleni, kama vile Slurm, ukitaja kiasi cha kumbukumbu na saa unazohitaji.

• Ukimaliza, funga kazi yenyewe. Kufunga dirisha la daftari pekee hakutoshi. Unaweza kuendelea kushikilia nafasi, mithili ya mgonjwa aliyepona lakini hataki kuondoka kitandani huku wengine wakingoja.

• Linda siri za wagonjwa. Majibu huhifadhiwa ndani ya daftari. Ukiorodhesha majina ya watu na matokeo yao ya virusi vya ukimwi, kisha umtumie mwenzako daftari hilo, umewaanika. Futa majibu hayo kwanza.

Msomaji, nyuma ya kila tarakimu kuna mtu aliyekubali kutolewa damu akitumaini itawafaa wengine. Kurudia hesabu tangu mwanzo huchukua saa chache tu. Mgonjwa aliyepewa dawa isiyomfaa hawezi kurudishiwa wakati alioupoteza.