Mfumo si muundo: Tusiyachanganye tunapoijadili sanaa

Makala mengi ya Kiswahili kuhusu sanaa ya kisasa huyatumia maneno ‘mfumo’ na ‘muundo’ kana kwamba ni pacha. Si pacha. Mfumo umetokana na kitenzi ‘fuma’: nyuzi hupitana, huu ukiushikilia ule, na ukikata mmoja kazi yote hulegea. Muundo umetokana na ‘unda’, kitenzi cha mafundi wa vyombo vya baharini: mkuku, mataruma, mbao, kila kipande na mahali pake.

Huku Fort Ternan, ukielekea Kericho, tofauti hiyo imejaa mashambani. Michai iliyosawazishwa juu kama meza ni muundo. Mfumo ni kanuni ya kuchuma: majani mawili na chipukizi, kisha unarudi tena baada ya siku kadhaa. Kanuni hiyo ndiyo inayoitunza ile meza, wala hakuna mtu aliyeketi akaichora.

Sasa sanaa. Leso, au kanga kwa wenzetu wa Tanzania, ina pindo, mji na jina. Huo ni muundo, na mwanafunzi yeyote ataueleza bila taabu. Taabu huanza kwa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akipaka rangi zinazong’aa kwenye vibao vya mraba. Alifariki 1972, lakini wanafunzi na jamaa zake wakaendelea. Walichorithi si picha fulani, bali utaratibu: nyuma rangi bapa, mbele mnyama au ndege, kisha mistari na madoa. Anayeona muundo pekee husema, “Ah, hawa wananakili tu!” na kuwanyima jina la msanii.

Mwaka huo huo wa 1968, Mmarekani Sol LeWitt alianza michoro yake ya ukutani. Yeye aliandika maagizo, wengine wakachora. Alifariki 2007 na kuta bado zinachorwa kwa maagizo yale yale. Huyo husifiwa kwa dhana. Jamani, mbona Mmarekani awe na dhana, na mchoraji wa Dar awe na nakala?

Mimi huwataka wanafunzi wangu waandike ‘sanaa ya mfumo’ pale kanuni inapozaa kazi, na ‘muundo wa kazi’ wanapoeleza sehemu zake. Vina na mizani je, ni mfumo au muundo? Hilo tutalifumua wiki ijayo.